Kidole kinapojikwaa kwenye mpini wa vipande vingi

"Fundi, shikamoo. Nimemaliza kisu changu cha tatu cha kutengeneza kwa mkono. Mpini nimeuunga kwa vipande vitano: noleo la shaba ya njano mbele, yaani kile kipande kinachokaa pale mpini unapokutana na ubapa wa kisu, kipande chembamba cha pembe nyeusi ya ng'ombe, mbao ngumu ya rangi ya asali, kipande kingine cha pembe, halafu kitako cha shaba. Mkia wa kisu, yaani chuma kinachoingia mpinini, umepita katikati ya vyote. Nilitumia epoksi ya dakika tano, ile gundi inayochanganywa na dawa ya kuikausha, nikabana kwa jiliwa mpaka gundi ikatoka pande zote, na kesho yake nikapiga tupa na msasa hadi ukawa laini kama yai. Sasa wiki tatu zimepita. Kidole kinajikwaa pale shaba inapokutana na mbao, kuna ufa kama unywele kati ya mbao na pembe ya mbele, na mbao iliyo jirani na noleo ina madoa ya kijivu. Tena mkono ukiwa na mafuta, kisu kinazunguka kiganjani. Nimeambiwa nitafute gundi kali zaidi na nibane kwa nguvu zaidi. Je, dawa ni hiyo? Na huu nilionao unaokoleka?"

Marahaba. Nianze na unachotaka kusikia: kwa jinsi ulivyoueleza, mpini huo huenda ukaokoka. Lakini dawa uliyopewa siyo, na nusu yake ingekuzidishia tatizo. Umenitajia kasoro nne ukidhani zina mzazi mmoja anayeitwa gundi. Kila moja ina mzazi wake, na gundi inahusika na moja tu. Tuzichukue moja moja.

Ule ukingo unaokikwaza kidole una maelezo mawili, na lazima ujue lako ni lipi kabla hujashika msasa tena. La kwanza ni kwamba mbao imesinyaa. Mbao haifi ikikatwa. Inaendelea kunywa unyevu wa hewa na kuutoa, ikinenepa na kukonda. Kwa urefu wa nyuzi zake karibu haisogei kabisa, lakini kwa upana inasogea sana. Chukua mbao yenye upana wa milimita 25, unyevu wake ukashuka kwa asilimia 4 tu, jambo ambalo ni la kawaida mbao ikitoka kibandani kuingia ndani ya nyumba. Itapungua kati ya milimita 0.1 na 0.25 kutegemea aina ya mti. Shaba ya upana huo huo, joto likibadilika kwa nyuzi 20, inasogea kama sehemu moja ya mia ya milimita. Kwa hiyo siku ile uliposawazisha, vilikuwa sawa kweli. Mbao ndiyo iliyoondoka, shaba ikabaki pale ulipoiacha.

La pili ni kwamba havikuwa sawa tangu mwanzo. Shaba ni ngumu kuliko mbao. Ukikunja msasa ukaushika kwa vidole, nyama ya kidole inabonyea, msasa unateleza juu ya shaba na kuichimba mbao pembeni yake. Macho hayaoni kwa sababu kila kitu kinang'aa. Mkono nao ukiwa umechoka na umefurahi hauhisi.

Kutofautisha ni rahisi. Chukua rula ya chuma, ilaze juu ya mpini kwa urefu ikipita shaba na mbao, kisha utazame ukielekea kwenye mwanga. Mwanga ukipita karibu na shaba tu, halafu mbao ikapanda tena kuigusa rula, ni msasa uliochimba. Mbao yote ikiwa chini kwa kiasi kile kile, imesinyaa. Dalili nyingine ya kusinyaa ni kwamba ukingo unakuwa mkubwa upande wa kushoto na kulia kuliko juu na chini, au kinyume chake, kwa kuwa mbao hupungua zaidi ikifuata mzunguko wa pete za mti kuliko ikielekea kwenye kiini.

Sasa ufa. Huu ndio wa gundi, ila si kwa udhaifu wa gundi. Katika mpini kama wako nyuzi za mbao zinalala kwa urefu wa kisu, kwa hiyo uso unaobandikwa kwenye pembe ni ule uliokatwa kukingama na nyuzi. Uso huo ni kama mafungu ya mirija iliyokatwa vichwa. Ukiupaka gundi unaifyonza, na kinachobaki kati ya vipande viwili ni utando mkavu usioshika kitu. Ongeza hapo kubana kwa jiliwa mpaka gundi yote ikakimbia, na epoksi ya dakika tano ambayo inaanza kuganda kabla hujamaliza kupanga vipande. Umekikamua kiungo kile damu yote halafu unakishangaa kwa kupauka. Kama pembe yenyewe haikuwa bapa kabisa, ilikubali kunyooka ulipoibana, nayo tangu siku hiyo inavuta kurudi kwenye mkunjo wake. Pembe ina tabia hiyo. Ikipata joto inalegea, ikipata unyevu inajikunja.

Ndiyo maana ushauri wa kubana zaidi ni mbaya. Epoksi haihitaji kukandamizwa. Inataka vipande vigusane, vitulie, na ibaki tabaka nyembamba katikati. Nguvu ya vidole viwili kwenye skrubu ya jiliwa inatosha. Uso ukiwa haugusani bila nguvu, rudi kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo uusawazishe. Skrubu si kazi yake kuficha uso uliopinda.

Madoa ya kijivu ni vumbi la shaba. Msasa unapopita kwenye noleo unabeba chembe laini na kuzishindilia kwenye vitundu vya mbao, na mbao ya rangi ya asali haifichi siri. Afadhali ya shaba, kwa sababu vumbi la chuma ni baya zaidi. Likikutana na maji na utomvu mkali ulio ndani ya baadhi ya mbao linatoa weusi kama wino, na weusi huo haukwanguliki kirahisi. Usilowanishe mbao nyeupe wakati unasugua karibu na chuma. Kosa hilo nililifanya kwenye kisu ambacho mwenyewe alishanilipa, na ilinibidi kukata mbao nyingine usiku ule ule.

Kisu kuzunguka kiganjani ni umbo tu. Umesema mpini ni laini kama yai, nami naamini pia ni duara kama mti wa fagio. Mkono ukishika duara haujui makali yanaelekea wapi. Mpini unatakiwa kuwa na umbo la yai lililobanwa ubavuni, mrefu zaidi kutoka juu kwenda chini kuliko kutoka kushoto kwenda kulia, ili hata ukifumba macho kiganja kijue. Na ung'avu wa kioo si ubora. Kwa kisu cha kazi mimi huishia msasa namba 320 au 400, nikaacha hapo.

Tuje kwenye kuokoa. Funga makali kwa ngozi nene au ubao uliopasuliwa, shika upande huo, kisha jaribu kuusokota mpini kwa mkono mwingine. Sikiliza. Ukisikia mlio mdogo kama wa kidole kinachoalishwa, au ukihisi kitu kinacheza hata kama hakionekani, mpini umeachia kwenye mkia. Huo haufai kazi, uvunje uanze upya. Kama uko kimya, dondosha tone la spiriti kwenye ufa. Likikaa juu, ufa ni wa juujuu tu. Likizama mara moja, kiungo kimefunguka kwa kina, na maji ya kuoshea yatafuata njia hiyo hiyo hadi kwenye mkia na kuuozesha kwa kutu usiyoiona.

Ukiwa wa juujuu, uache mpini mahali utakapotumika kwa wiki mbili au tatu zaidi, mpaka mbao itulie. Ukikimbilia kusawazisha leo, utarudi kusawazisha tena. Kisha teremsha shaba ifuate mbao kwa tupa laini, na umalize kwa msasa uliozungushwa kwenye kipande cha mbao ngumu au ngozi nene, kamwe si kidole. Ufa utauziba kwa epoksi nyepesi uliyoipasha moto kidogo ili iingie, siyo kwa unga wa mbao na supaglu. Mchanganyiko huo unaonekana mzuri siku ya kwanza, lakini ni mgumu na mkavu. Mbao ikisogea tena unapasuka na kuacha mstari mpana kuliko wa kwanza. Madoa uyakwangue kwa ukingo wa kipande cha chuma kilichonolewa mraba, ukivuta kutoka kwenye mbao kuelekea shaba. Kukwangua kunatoa maganda, hakutoi vumbi, kwa hiyo hakuna cha kushindilia. Na ukiwa hapo utoe nyama ubavuni ili kisu kiache kuzunguka. Milimita moja na nusu kila upande inabadilisha kila kitu.

Ukiwa wa kina, sikushauri kupasha moto ili gundi iachie. Kinadharia inawezekana, maana epoksi nyingi za kukaukia kwenye joto la chumbani huanza kulegea kuanzia nyuzi 50 au 60 na kuendelea. Lakini moto unaotosha kuutoa mkia uliozama kwenye mbao utaiunguza pembe kwanza, na ukisogea kwenye makali utaua ugumu wake. Pasua mbao kwa patasi, okoa noleo na kitako, usafishe mkia.

Na ukianza upya, anza na mizani kabla ya msumeno. Iweke mbao ndani ya chumba unachoishi, uipime kila baada ya siku chache kwa mizani midogo ya jikoni. Siku uzito utakapoacha kushuka, mbao imekubaliana na hewa yako. Hatua hii haina gharama na ndiyo inayoondoa nusu ya malalamiko ninayoletewa. Mbao tulivu kama mpingo zinasamehe zaidi, ingawa zina mafuta yanayoikataa gundi, kwa hiyo zifutwe kwa asetoni dakika chache tu kabla ya kubandika.

Vipande viache vikubwa. Wengi hudhani ni kuokoa kazi wakikichonga kila kipande kwa umbo lake la mwisho kisha wakavikusanya. Haiwezekani vikae sawa, kwa sababu epoksi mbichi ni utelezi na vipande vitaogelea. Mpini unaungwa ukiwa tofali, unachongwa ukiwa kitu kimoja. Isipokuwa sehemu moja: uso wa mbele wa noleo, ule unaotazama makali. Huo uumalize kabisa, hadi msasa wa mwisho, kabla ya gundi, kwa sababu baadaye tupa haitafika bila kuukwaruza ubapa wa kisu.

Kuzuia vipande visiogelee, toboa matundu mawili madogo, ya milimita 2 au 3, kutoka kipande hadi kipande, upitishe pini fupi za shaba zitakazojificha ndani. Pini hizi ndizo jibu la kweli kwa yule aliyekuambia utafute gundi kali. Gundi inashika vizuri ikivutwa moja kwa moja lakini inachoka ikisokotwa na kupigwa kila siku; pini inabeba msokoto, gundi inaachiwa kazi ya kuziba na kushikilia. Ukiweza kukata meno ya skrubu kwenye ncha ya mkia na kufunga kitako kwa nati, vizuri zaidi, kwa maana tofali zima linabanwa na chuma. Katika mpango huo mimi hupenda kuweka ngozi nyembamba kati ya shaba na mbao. Ngozi inabonyea na kurudi, hivyo mbao ikipumua inakuwa na mahali pa kusukuma. Wengine wanaona ngozi inachafuka na kunywa maji. Ni kweli, kwa kisu cha kukaa jikoni siiweki.

Panga vyote vikavu kwanza, mara mbili, na jiliwa likiwa tayari limefunguliwa kwa kipimo. Tundu la mkia lisiwe limebana sana. Mkia unaoingia kwa kupigwa nyundo unakwangua gundi yote ukiingia, na baadaye unaipasua mbao ikisinyaa juu yake. Acha nafasi ndogo pande zote ijae epoksi. Kwaruza shaba, pembe na mkia kwa msasa mkali namba 60 au 80 mpaka uondoke ung'avu, toboa vishimo vichache visivyopenya kwenye nyuso za ndani ili gundi iote meno, kisha ufute na usiguse tena kwa vidole. Tumia epoksi ya polepole, ile inayotaka saa 24. Inakupa muda na inastahimili joto na maji kuliko ya dakika tano. Uipime kwa uwiano ulioandikwa, usikisie. Ugumu haupatikani kwa kuzidisha dawa ya kukausha. Kinachozidi hakina cha kushikana nacho, kinabaki kuilegeza gundi.

Uso wa mbao uliokingama na nyuzi upake tabaka la kwanza, subiri dakika kumi hivi ushibe, upake tena, ndipo uunganishe. Hapo ndipo ufa wako ulipozaliwa, na hapo ndipo unapozuiwa. Gundi itakayochuruzika mbele ya noleo iondoe papo hapo kwa pamba yenye spiriti. Ikikauka pale, utajuta.

Kuchonga ni raha, ila kuna utaratibu. Chora mstari wa katikati juu, chini na nyuma, na usiufute mpaka mwisho. Toa kwanza umbo la kutazamwa ubavuni, kisha unene, vyote vikiwa na kona za mraba. Halafu kata kona nne zipatikane pande nane, kisha pande kumi na sita, ndipo uviringe. Anayeviringa mapema hujikuta na upande mmoja umenona na hana tena pa kupimia. Tupa ndefu ipite juu ya shaba, pembe na mbao kwa mpigo mmoja, ili kila kitu kishuke pamoja. Ukiwa na mashine ya msasa, gusa na uachie. Shaba inapeleka joto haraka mno hadi kwenye kiungo, na umeshasikia gundi inalegea kwa nyuzi ngapi. Kanuni yangu ni kidole gumba kilichokaa juu ya noleo: kikishindwa kuvumilia, nasimama.

Ukifika karibu na mwisho, jipake unga wa mkaa kiganjani, ushike kisu kama unavyokitumia, ukandamize kana kwamba unakata kitu kigumu. Fungua mkono. Panapokuwa peusi sana kwenye mpini ndipo patakapokutoa malengelenge. Punguza hapo, futa, rudia. Hakuna mchoro utakaokupa umbo la mkono wako kama mkaa.

Kabla ya msasa wa mwisho, paka mbao tabaka jepesi la kuziba vitundu ili vumbi la shaba lisipate pa kuingia. Kumalizia ni mafuta ya kitani na nta, tabaka nyembamba kadhaa, kila moja ikauke. Vitambaa vya mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye kona. Vinajipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze nje vikauke au uvizamishe kwenye maji.

Kuhusu vumbi nitakuwa mkali kidogo. Vumbi la mbao limeorodheshwa tangu 1995 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kuwa ni kisababishi cha saratani kwa binadamu, na vumbi la pembe na la shaba si rafiki wa mapafu pia. Barakoa ya kitambaa haichuji vumbi hilo. Tafuta ya kuchuja vumbi laini, ikubane usoni. Mbao za jamii ya mpingo huwapa baadhi ya watu vipele na kikohozi ambavyo huzidi kila wanaporudia. Ukiona kifua kinabana au ngozi inawasha kila ukichonga, acha na umwone daktari, ukimtajia ni mbao gani.

Na kuna jambo moja ambalo maandishi yangu hayawezi kulikagua. Ukiusafisha mkia, angalia pale unapokutana na ubapa wa kisu. Kama kona yake ya ndani ni kali badala ya kuviringwa, au ukiona mstari mweusi mwembamba unaobaki hata baada ya msasa, huo unaweza kuwa ufa wa chuma chenyewe. Kisu cha namna hiyo huvunjika mkononi, na mpini mpya unakuwa umekificha tu. Kipeleke kwa mhunzi akishike na kukitazama kabla hujakata mbao nyingine.